Nyekundu, bluu au nyekundu ya mbali? Kuchagua mwanga wa mimea kwa kufuata vipokezi vyake

Ukitaka kuotesha mimea chini ya taa, swali la kwanza ni rangi ya mwanga. Majibu mengi yanayozagaa huishia kwenye usanisinuru: rangi ipi inalilisha jani zaidi. Hiyo ni nusu tu ya habari. Kwa mmea, mwanga ni chakula, na pia ni taarifa kuhusu mahali ulipo, majirani ulionao na msimu uliofika. Taarifa hiyo husomwa na protini maalumu ambazo hazitengenezi hata chembe ya sukari. Mche unaweza kushiba mwanga na bado ukawa mrefu, mwembamba na mlegevu, kwa sababu taarifa iliyoufikia imeuambia ukimbilie juu.

Kwa hiyo nazilinganisha rangi kwa kuanzia kwenye vipokezi vinavyozisoma. Mifano mingi inatoka kwa Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa jamii ya haradali ambao ndio uliochunguzwa zaidi. Una fitokromu tano, kriptokromu mbili, fototropini mbili, kundi dogo la protini tatu zinazohusika na saa ya mmea, na kipokezi kimoja cha miale ya urujuanimno kiitwacho UVR8. Kwa karibu vyote hivi, kazi huanza kwa namna moja: molekuli ndogo iliyoshikwa ndani ya protini hunasa fotoni, yaani chembe ya mwanga, hubadilika, na mabadiliko hayo huigeuza protini nzima.

Nyekundu na nyekundu ya mbali

Hizi mbili hazitenganishiki, maana husomwa na kipokezi kimoja, fitokromu. Kipokezi hiki kina maumbo mawili. Umbo la Pr hunasa zaidi mwanga mwekundu wa karibu nanomita 660 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na likishaunasa hugeuka kuwa Pfr. Umbo la Pfr hunasa zaidi nyekundu ya mbali, karibu nanomita 730, ambayo jicho letu huiona kwa shida sana, na likishainasa hurudi kuwa Pr. Ndani yake mna fitokromobilini, mnyororo wa pete nne uliofungwa kwenye asidi amino ya sisteini. Fotoni inapofika, kifungo kilicho kati ya pete ya tatu na ya nne hugeuka, pete ya mwisho hupinduka, na protini hubadili mkao wake. Umbo lenye kutenda kazi ni Pfr.

Jambo hili lilionekana kabla protini yenyewe haijajulikana. Mwaka 1952, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Beltsville, Maryland, nchini Marekani, Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao walimulika mbegu za letasi zilizoloweshwa. Zilizopata mwanga mwekundu ziliota. Zilizopata nyekundu na mara baada yake nyekundu ya mbali zilibaki zimelala. Walirudia kupishanisha rangi hizo mara nyingi, na kila mara matokeo yaliamuliwa na rangi iliyokuja mwisho. Naliona jaribio hili kuwa miongoni mwa mazuri mno katika biolojia ya mimea, kwani kwa taa na mbegu tu waliweza kubashiri molekuli yenye maumbo mawili. Mwaka 1959 ikathibitishwa kwa vipimo kwamba ipo.

Kinachofuata ndani ya seli ndicho kinachompa mkulima wa taa sababu ya kujali. Pfr huingia katika kiini cha seli na kukutana na protini ziitwazo PIF. Kazi ya PIF ni kukaa juu ya jeni na kuziamsha zile zinazorefusha shina. Pfr huzishika, nazo hutiwa fosfeti, huwekewa alama ya kuvunjwa iitwayo ubikwitini, kisha hupelekwa kwenye proteasomu, chombo cha seli kinachovunjavunja protini. Ndani ya dakika chache, PIF nyingi huwa zimetoweka. Shina hupunguza mwendo, majani hutanuka na kloroplasti hujengwa. Nyekundu ya mbali inapoirudisha fitokromu kuwa Pr, PIF hujikusanya upya, jeni za kutengeneza homoni ya oksini huamka, na shina huanza kurefuka tena.

Sababu ya mpango huo iko kwenye umbijani, ile rangi ya kijani ya jani. Jani hula mwanga mwekundu na huiachia nyekundu ya mbali ipite au iakisiwe. Mahali pa wazi penye jua, uwiano wa nyekundu kwa nyekundu ya mbali ni karibu 1.2. Chini ya majani mengi huporomoka, na penye kivuli kizito hufika 0.1 au 0.2. Kwa kupima uwiano huo tu mmea hujua una majirani, tena hujua mapema, hata kabla kivuli chao hakijaufikia, kwa sababu majani ya pembeni huuakisia nyekundu ya mbali. Mimea mingi ya maeneo ya wazi hujibu kwa kurefuka ili isifunikwe.

Sasa irudie taa yako. Taa ya LED yenye nyekundu ya nanomita 660 pekee, na nyingi za LED nyeupe za kawaida, hutoa nyekundu ya mbali kidogo mno. Fitokromu husoma kwamba mmea uko peke yake uwandani, na matokeo yake ni shina fupi. Balbu ya kizamani ya waya unaowaka hutoa nyekundu ya mbali nyingi kuliko nyekundu, na mimea iliyo chini yake hurefuka vibaya. Watu wengi huamini kwamba balbu hizo hurefusha mimea kwa sababu ya joto lake tu. Joto linachangia, ila taarifa ya kivuli ndiyo kubwa zaidi.

Je, nyekundu ya mbali iongezwe au iachwe? Jibu langu linafuata mmea unaoutaka. Kwa letasi na mboga nyingine za majani, kiasi kidogo husaidia: jani hutanuka, hunasa mwanga mwingi zaidi, na mavuno huongezeka. Kwa miche itakayohamishwa shambani, iache kabisa, kwa kuwa unahitaji shina nene na fupi. Wala isihesabiwe kuwa mwanga uliopotea. Robert Emerson alionyesha mwaka 1957 kwamba nyekundu ya mbali ikiambatana na mwanga wa mawimbi mafupi zaidi, usanisinuru huwa mkubwa kuliko jumla ya kila mmoja peke yake, kwa kuwa mifumo miwili ya kunasa nuru katika kloroplasti hupata mlinganyo. Ikiwa peke yake hailishi kitu cha maana.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wa taa husahau. Pfr hurudi kuwa Pr polepole hata gizani, na kasi ya kurudi huongezeka kadiri joto linavyopanda. Mwaka 2016 vikundi viwili vya watafiti vilionyesha kwamba kwa njia hii fitokromu B, mojawapo ya zile tano, ni kipimajoto cha mmea pia. Miche iliyokaa kwenye chumba chenye joto hurefuka kama iliyo kivulini, hasa usiku, ingawa taa ni ileile. Kabla hujaitupa taa, pima joto la usiku.

Bluu

Hapa pana vipokezi viwili vikuu vyenye kazi tofauti, na kuvichanganya ndiko kunakowafanya watu waitegemee bluu kwa mambo isiyoyaweza.

Cha kwanza ni kriptokromu. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1993 na Margaret Ahmad na Anthony Cashmore. Protini hii inafanana sana na kimeng'enya kinachokarabati DNA kwa nguvu ya mwanga, ila yenyewe haikarabati kitu. Imebeba molekuli ndogo ya kunasa bluu iitwayo FAD. Mwanga wa bluu ukifika, elektroni husogea hadi kwenye FAD kupitia asidi amino za triptofani, na protini hujikusanya kwa makundi. Makundi hayo huzuia kazi ya protini nyingine, COP1. Gizani COP1 huitia protini ya HY5 alama ya kuvunjwa, na HY5 ndiyo inayoamsha jeni za maisha ya mwangani. COP1 ikizuiwa, HY5 hukusanyika, shina hufupika, na rangi ya zambarau huanza kuonekana kwenye majani ya aina zenye uwezo huo. Fitokromu nazo huizuia COP1, kwa hiyo nyekundu na bluu hukutana hapa na kusaidiana.

Cha pili ni fototropini, na hiki ndicho kinachopindisha mmea kuelekea dirishani. Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza mwaka 1880 kwamba ukiifunika ncha ya chipukizi la nyasi, halipindi kuelekea mwanga, ingawa panapopinda ni chini ya ncha. Protini yenyewe ilitambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya Winslow Briggs. Ina sehemu mbili za kunasa bluu, kila moja ikiwa na molekuli ndogo iitwayo FMN. Fotoni ikinaswa, FMN hujifunga kwa kifungo cha kweli cha kikemia kwenye sisteini iliyo karibu nayo, na upande wa pili wa protini, ambao ni kinasi, yaani kimeng'enya cha kutia fosfeti, huanza kazi yake. Upande wa shina unaopigwa na mwanga huwa na utendaji mkubwa, oksini husogezwa upande wa kivuli, seli za huko hurefuka zaidi, na shina hupinda.

Fototropini pia hufungua stomata, matundu madogo ya jani, alfajiri. Ndani ya seli linzi, zile zinazolizunguka tundu, huanzisha mfululizo unaoamsha pampu ya kusukuma protoni nje. Potasiamu huingia, maji huifuata, seli huvimba na tundu hufunguka. Mwanga ukiwa hafifu, kipokezi hichohicho huzikusanya kloroplasti upande wa juu wa seli. Ukiwa mkali, huziagiza zijibanze kwenye kuta za pembeni zisiungue. Hakuna kati ya haya linalohusu urefu wa shina moja kwa moja.

Tofauti kati ya vipokezi hivi katika kurudi hali yao ya awali ina maana kwa anayepanga ratiba ya taa. Fitokromu hugeuzwa kwa mwanga kwenda na kurudi, na kwa kazi kadhaa mwako mfupi unatosha. Kifungo cha fototropini huvunjika chenyewe gizani baada ya sekunde kadhaa au dakika chache. Kwa hiyo huwezi kumulika bluu mara moja asubuhi ukategemea stomata zibaki wazi mchana kutwa kwa sababu hiyo.

Nyekundu dhidi ya bluu, kama ni lazima uegemee moja

Kwa umeme, nyekundu inashinda. Fotoni moja ya bluu ya nanomita 450 ina nishati karibu mara moja na nusu ya fotoni ya nyekundu ya nanomita 660, na usanisinuru huhesabu fotoni, haujali ziada ya nishati ndani yake. Ziada hiyo huishia kuwa joto. Ndiyo sababu taa nyingi za bustani za ndani zimejengwa juu ya nyekundu.

Lakini nyekundu tupu ni kosa, nami nalisema bila kusita. Mwaka 2010 Hogewoning na wenzake walichapisha kazi yao juu ya matango yaliyokuzwa chini ya mchanganyiko wa LED nyekundu na bluu kwa viwango mbalimbali. Majani yaliyokua kwenye nyekundu pekee yalikuwa na usanisinuru uliovurugika. Asilimia 7 tu ya bluu iliondoa mvurugiko huo na kuongeza uwezo wa jani takribani mara mbili, na uwezo uliendelea kupanda hadi bluu ilipofika asilimia 50. Jani lisiposikia bluu halijijengi kwa unene na vifaa linavyohitaji, hata kama chakula cha mwanga kinaletwa kwa wingi.

Kwa hiyo swali halisi ni kiwango. Mimi ningeanza na bluu kati ya asilimia 10 na 20 ya fotoni zote. Ukitaka mmea mfupi na mgumu, panda juu ya hapo, ukijua kwamba majani yatakuwa madogo na yatanasa mwanga kidogo kwa jumla. Ukitaka majani mapana ya kuvuna, baki chini.

Vipi kuhusu nyeupe? Taa nyeupe ya LED kwa kweli ni LED ya bluu iliyopakwa dawa ya kung'aa inayogeuza sehemu ya bluu kuwa kijani, njano na nyekundu. Ndani yake bluu ipo tayari, na kijani si takataka: hupenya ndani ya jani kuliko nyekundu na bluu, na huzilisha kloroplasti za tabaka za chini. Kuna faida nyingine ambayo kwangu ina uzito. Chini ya nyekundu na bluu tupu majani huonekana meusi, na dalili ya ugonjwa au upungufu wa virutubisho unaigundua ikiwa imechelewa. Kwa anayeanza, nyeupe ndiyo chaguo langu, halafu nyekundu iongezwe kwa kubana umeme na nyekundu ya mbali iongezwe kwa sababu maalumu.

Unapolinganisha taa mbili dukani, usisome lumeni. Lumeni imepimwa kwa jicho la binadamu, ambalo linapenda kijani. Tafuta idadi ya fotoni kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, kati ya nanomita 400 na 700. Jua la mchana bila mawingu hufika karibu 2,000. Miche huridhika na 100 hadi 300. Kumbuka tu kwamba kipimo hicho hukomea 700, kwa hiyo nyekundu ya mbali haimo ndani yake. Mtengenezaji asipoonyesha mchoro wa rangi zote, hujui fitokromu za mimea yako zitasoma nini.

Urujuanimno

UVR8 husoma miale ya nanomita 280 hadi 315, na ni kipokezi cha kipekee kwa sababu hakina molekuli ya ziada ya kunasa nuru. Hutumia triptofani zake chenyewe. Bila miale hiyo, UVR8 hukaa wawili wawili wameshikana. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba fotoni huwaachanisha, na mmoja mmoja huenda kuikamata COP1. HY5 hukusanyika, na mmea hujitengenezea flavonoidi za kujikinga. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale hii, kwa hiyo mimea ya ndani huishi bila kuisikia. Kwa zao ambalo thamani yake iko kwenye rangi, harufu au uchungu wa majani, dozi ndogo ina maana. Kwa wengine wote sioni sababu: dozi ikizidi huharibu DNA ya mmea, na macho ya anayeuhudumia yamo hatarini.

Kama lengo ni maua

Hapa chaguo hubadilika, kwa kuwa saa ya taa inaweza kuwa na uzito kuliko rangi yake. Garner na Allard, mwaka 1920, walieleza jinsi tumbaku ya Maryland Mammoth ilivyokataa kutoa maua katika siku ndefu za kiangazi na kutoa siku zilipofupika. Baadaye ilijulikana kwamba mimea ya namna hiyo hupima urefu wa usiku. Mwako mfupi wa nyekundu katikati ya usiku huiharibia hesabu na maua hayaji. Nyekundu ya mbali ikifuata mara moja, hesabu hurudi. Ni fitokromu ileile ya mbegu za letasi.

Kwa mimea ya siku ndefu, kama Arabidopsis, kiungo ni protini ya CONSTANS. Huvunjwa gizani, na asubuhi fitokromu B husaidia kuiondoa. Jioni, fitokromu A na kriptokromu huilinda, wakati FKF1, mojawapo ya zile protini tatu za saa, inaposoma bluu na kuondoa vizuizi vya jeni yake. CONSTANS ikidumu mpaka jioni huamsha FT, protini inayosafiri kwa floemu (mirija ya kusafirishia chakula) kutoka kwenye jani hadi ncha ya shina na kuanzisha ua. Matokeo kwa mwenye taa yako wazi: katika mimea ya kundi hili, kurefusha siku kwa bluu au nyekundu ya mbali huharakisha maua kuliko kuirefusha kwa nyekundu pekee. Spinachi na letasi nazo ni za siku ndefu, ila hizo unazitaka zibaki na majani, kwa hiyo fupisha siku na usiongeze nyekundu ya mbali jioni.

Ukiwa na mimea ya siku fupi, giza liwe giza. Wengi huingia kuikagua usiku na tochi ya kijani wakiamini haionekani na mimea. Fitokromu hunasa kijani kidogo, lakini hunasa, na fitokromu A iliyojaa katika mche uliokua gizani huitikia mwanga hafifu ajabu. Kama huna budi kuingia, tumia kijani hafifu kwa sekunde chache, usiielekeze kwenye majani, na kwa mbegu au miche iliyo gizani usiitumie kabisa.